Fomu ya Mwisho wa Semista Haitoshi

Kila mwaka vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, vijana wa Same huteremka kutoka Suji, Chome, Mbaga, Gonja na Mamba hadi barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, wakapanda mabasi ya kwenda Moshi, Morogoro, Dodoma au Dar es Salaam. Nyuma ya wengi wao kuna familia iliyouza tangawizi, ndizi au mbuzi ili kujazia pale mkopo wa Bodi ya Mikopo usipofika. Wakishapokelewa wanakuta utaratibu ambao wakubwa zao waliupitia vilevile: ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, mhadhiri mmoja mbele na slaidi zake, madesa yanayotolewa fotokopi mwaka hadi mwaka, majaribio mawili, kisha mtihani wa mwisho, UE. Semista ikiisha wanaletewa fomu ya kumtathmini mhadhiri. Wanaijaza haraka haraka, wanabonyeza namba moja hadi tano, na hawaisikii tena. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba fomu hiyo, hata ikiboreshwa, haitaponya ufundishaji wetu, na kwamba iko njia nzuri zaidi: mwanafunzi na mhadhiri wakae pamoja semista ikiwa bado inaendelea, walitengeneze somo kama watu wawili wenye kazi moja, na kazi hiyo ilipwe na kuhesabiwa.

Siibezi fomu. Kwa uongozi wa chuo ni njia ya kumgundua mhadhiri asiyeingia darasani au anayekaa na majibu ya majaribio hadi wiki ya mtihani. Vyuo vinatakiwa kuwa na mfumo wa kusimamia ubora, na maoni ya wanafunzi ni sehemu yake halali. Kasoro yake ni kwamba inakuja somo likiwa limekwisha, hivyo anayeijaza hanufaiki na anachokiandika, naye analijua hilo. Isitoshe, inauliza mambo ya juu juu: mhadhiri alifika kwa wakati, alionekana amejiandaa, alitumia vifaa. Haiwezi kueleza kwamba wiki ya nne, somo la takwimu lilipotoka kwenye wastani na kuingia kwenye uwezekano, nusu ya darasa iliachwa nyuma na haikurudi tena. Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake wawili walizikusanya tafiti zilizolinganisha madarasa mengi ya somo moja yaliyofundishwa na wahadhiri tofauti. Waligundua kwamba alama ambazo wanafunzi waliwapa wahadhiri wao hazikuwa na uhusiano na kiasi walichojifunza. Fomu inapima kitu fulani, pengine ucheshi, pengine upole wa kutoa maksi, lakini kujifunza haikupimi.

Ushirikiano ninaoutetea unafanyika kwa namna nyingine kabisa. Katika chuo cha Bryn Mawr, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, uko mpango ulioanzishwa na Alison Cook-Sather ambao umedumu zaidi ya miaka 15. Mwanafunzi analipwa kuingia darasani kwa mhadhiri mmoja kila wiki kwa semista nzima. Yeye mwenyewe hasomi somo hilo. Kazi yake ni kuangalia na kuandika: saa ngapi, nini kilitokea, na swali gani limemjia kutokana na hicho kilichotokea. Kisha wawili hao hukutana kila wiki na kuyapitia maandishi hayo. Hapo hakuna maksi wala ripoti ya kupelekwa kwa mkuu wa idara. Ni mazungumzo ya aina hii: uliuliza swali ukajijibu mwenyewe kabla mtu hajainua mkono, safu tatu za nyuma hazikuandika chochote kwa dakika ishirini, mfano wa pili uliamsha watu kuliko wa kwanza, kwa nini? Scotland nayo, tangu 2003, timu inayokwenda kukagua ubora wa chuo kikuu ina mwanafunzi ndani yake akiwa mjumbe kamili. Bryn Mawr ni chuo kidogo na chenye fedha, na vyuo vyetu si hivyo. Nitalirudia jambo hilo, kwa sababu ndilo pingamizi zito kuliko yote.

Atakayesema haya ni mambo ya Wazungu airejee historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1968, kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Idara yake ya Historia iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Waliousimamia mradi huo walikuwa Gilbert Gwassa na John Iliffe. Hadi wakati huo sehemu kubwa ya habari za vita vile ilikuwa imetokana na kalamu za maofisa na wamisionari wa Kijerumani, na wazee walioviona kwa macho yao walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Idara haikuwa na watafiti wa kufika kila mahali, ila ilikuwa na wanafunzi. Walikaa barazani na wazee, wakauliza, wakaandika, wakarudi na taarifa ambazo zilikusanywa pamoja mwaka 1969, na hata leo mtu anayeandika kwa makini juu ya Maji Maji hawezi kuzipita. Tuitazame kazi ile kama ufundishaji, maana ndivyo ilivyokuwa. Kijana ambaye hajamaliza digrii ya kwanza aliandika jambo ambalo mwalimu wake alilihitaji na asingelipata bila yeye. Somo la historia ya Tanzania kwa miaka iliyofuata lilijengwa, kwa sehemu, na waliokuwa wakilisoma.

Wapare wana sababu ya pekee ya kuielewa njia hiyo. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyetoka katika milima ya Upare na baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa taaluma katika chuo hicho hicho, aliijenga historia ya kisiasa ya Wapare kwa kukaa na wazee ukoo kwa ukoo, akilinganisha simulizi la hawa na simulizi la wale. Kitabu chake kilitoka 1969. Miaka ile wako wasomi wakubwa wa Ulaya waliokuwa wakisema hadharani kwamba Afrika haina historia ya kuandikwa kabla ya kuja kwa Mzungu. Kimambo na wenzake waliwajibu kwa kumchukua mzee asiye na cheti kuwa shahidi wa mambo yake mwenyewe, ushahidi wake ukapimwa, ukachujwa, kisha ukaheshimiwa. Sioni kwa nini chuo kilichoweza kumheshimu mzee wa Ugweno kuwa shahidi wa historia ya ukoo wake kishindwe kumheshimu mwanafunzi kuwa shahidi wa kile kinachotokea kichwani mwake anapofundishwa. Ushahidi huo nao ni wa kupimwa na kuchujwa. Ila ili upimwe, ni sharti kwanza uitwe.

Historia hiyo ina fundisho jingine, lisilopendeza sana. Julai 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa jumuiya ya wanafunzi wa Dar es Salaam, aliondolewa chuoni kwa nguvu za askari wa FFU baada ya barua ya wazi iliyomkosoa makamu mkuu wa chuo, Pius Msekwa. Wanafunzi waligoma, na katika mageuzi yaliyofuata wanafunzi na wafanyakazi walipata nafasi zaidi katika vikao vya maamuzi. Nafasi hizo zilipatikana kwa gharama na hazipaswi kuguswa. Leo jumuiya za wanafunzi zinatambuliwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, na DARUSO, SUASO na MUHASSO zina sauti katika vyuo vyao. Lakini mjumbe wa wanafunzi akifika kikaoni anazungumzia ada, mabweni, maji, ratiba ya mitihani na bumu lililochelewa. Ni haki yake, hayo ndiyo yanayowaka moto. Swali la kwa nini somo moja la mwaka wa kwanza linawakamata watu wengi kila mwaka halimfikii, na likimfikia hana la kufanya nalo. Chini yake yuko CR, kiongozi wa darasa, ambaye kazi yake kubwa imekuwa kutangaza kwamba kipindi kimeahirishwa na kukusanya hela za fotokopi. Tumewapa wanafunzi viti vya juu kabisa na kazi ndogo za chini kabisa. Pale katikati, mahali somo lenyewe linapofundishwa, hatujawapa kitu.

Pale katikati ndipo kijana wa Same alipo na mengi ya kutoa. Chukua somo la umwagiliaji, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine aliyekulia Bangalala, chini ya milima ya Upare Kusini. Huyo amekua akiiona ndiva: bwawa dogo la udongo na mawe linalojazwa na mfereji usiku kucha, likafunguliwa asubuhi, maji yakaenda kwa mwenye zamu. Anajua kwamba asiyefika kwenye msaragambo wa kuzibua mfereji anaweza kuikosa zamu yake. Anajua kwamba wa juu, kule Vudee, wakichukua maji siku isiyo yao, wa chini wanapanda kwenda kuzungumza nao. Watafiti wa Sokoine pamoja na wenzao wa Uholanzi, Sweden na Afrika Kusini walifanya kazi ya miaka kadhaa katika bonde la Makanya wakiyachunguza mambo haya, na waliona kwamba vijiji vya juu na vya chini vilikuwa na makubaliano yao ya kugawana maji ambayo hayakutoka serikalini. Wakulima wa Bangalala walizijaribu mbinu za kuvuna maji ya mvua katika mashamba yao wenyewe, watafiti wakipima pembeni yao. Yaani katika utafiti, mkulima wa Upare alikwisha kubalika kuwa mshirika. Mtoto wake akiingia ukumbini kulisoma somo lilelile, anarudishwa kuwa msikilizaji.

Sisemi kwamba kila alichorithi kijana huyo ni sahihi. Zamu za ndiva zilikuwa na upendeleo wake, koo zilizochimba zikiwa na kauli kubwa kuliko waliokuja baadaye, na mhadhiri ana wajibu wa kumfundisha mwanafunzi kuliona hilo na kulihoji. Ninachosema ni kwamba wiki moja ya somo la umwagiliaji iliyoandaliwa na mhadhiri pamoja na wanafunzi wawili wa namna hii, mmoja wa Bangalala na mwingine wa skimu kubwa ya mpunga ya Ndungu, ingekuwa na uhai ambao desa lililonakiliwa haliwezi kuwa nao. Mhadhiri angeleta hesabu ya mtiririko wa maji na ya upotevu wake njiani. Wanafunzi wangeleta mfereji wenyewe, na watu wanaougombania.

Nafasi ya kufanya hivyo tunayo tayari, ila tunaitupa. Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vyetu huenda mafunzo kwa vitendo. Wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi hupelekwa kwenye vyama vya ushirika, wa ualimu huingia madarasani, wa afya huenda hospitalini. Mwanafunzi wa ushirika akikaa wiki kadhaa na wakulima wa tangawizi wa Mamba Miamba anajifunza mambo mazito. Chama cha wakulima kilijenga kiwanda, kikazinduliwa kwa shangwe mwaka 2012, na tangu hapo mtaji, mitambo na soko vimekuwa mtihani. Kwa nini mkulima mwenye hisa katika kiwanda humuuzia mchuuzi aliyekuja na lori na fedha mkononi? Swali hilo ni moyo wa somo la ushirika, na kijana ameliona likitokea mbele yake. Anarudi chuoni, anaandika ripoti, ripoti inasahihishwa, inapewa maksi na kuwekwa kabatini. Mwaka unaofuata mhadhiri anafundisha mada ileile kwa mifano ileile ya zamani. Ripoti ile ingetosha kuwa mwanzo wa ushirikiano: wanafunzi wanne waliotoka vitendoni wakae na mhadhiri wakati wa likizo ndefu, wachague mada moja tu, na waiandike upya kwa walichokikuta.

Sasa mapingamizi. La kwanza husema mwanafunzi hajui asichokijua, hivyo hawezi kumwelekeza mtaalamu namna ya kufundisha. Lina ukweli, na ushahidi wake upo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, hesabu na uhandisi: katika madarasa ya kusikiliza mhadhara tu, walioshindwa walikuwa wastani wa asilimia 33.8, na katika madarasa ambayo wanafunzi walifanya kazi, wakajadiliana na kutatua maswali palepale, walikuwa asilimia 21.8. Lakini mwaka 2019 watafiti wa Harvard walionyesha jambo la kushangaza katika fizikia ya mwaka wa kwanza. Wanafunzi waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi, ila wao wenyewe waliamini kwamba wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu. Kutokwa jasho waliona ni kutoelewa. Mwenye pingamizi atasema: unaona, wanafunzi hawajui. Mimi naona hoja hiyo inaiangusha fomu. Ukimwuliza mwanafunzi swali moja mwisho wa semista, atampa maksi mhadhiri mtamu na kumwadhibu aliyemfanyisha kazi. Ukikaa naye wiki baada ya wiki, mkaangalia pamoja majibu ya jaribio na pale darasa lilipoteleza, mhadhiri anapata nafasi ya kueleza kwa nini anawafanyisha kazi, na mwanafunzi anapata nafasi ya kugundua kwamba ile tabu ilikuwa kujifunza. Mhadhiri anaijua fizikia. Mwanafunzi anajua ni wapi fizikia ilimkatikia. Hakuna mmoja wao anayeweza kuifanya kazi ya mwenzake.

Na hapo kuna jambo ambalo tafiti za Marekani haziwezi kutusaidia. Mtoto wa Same amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akavushwa kwenda Kiingereza sekondari, na chuo kikuu anakuta mhadhara, kitabu na mtihani vyote kwa Kiingereza. Mhadhiri akiuliza, "mmeelewa?" ukumbi unanyamaza, na ukimya huo unahesabiwa kuwa ndiyo. Wengi hawanyamazi kwa kukosa wazo. Wananyamaza kwa sababu sentensi haijapangika kichwani, na kukosea mbele ya watu mia tatu ni aibu ya semista nzima. Mazungumzo ya mhadhiri na mwanafunzi mshirika wake yanaweza kufanyika kwa Kiswahili bila kuvunja kanuni yoyote ya mtihani. Katika mazungumzo hayo ndipo mhadhiri atakapojua kama tatizo ni dhana au ni lugha iliyobeba dhana. Matatizo hayo mawili yanatibiwa kwa dawa tofauti kabisa, na fomu ya namba moja hadi tano haina mahali pa kuyatenganisha.

Pingamizi la pili ni la adabu. Mwalimu ni mzazi, husemwa, na mtoto hamkosoi mzazi. Sina haraka ya kulipuuza hili, kwa maana heshima ni mtaji halisi wa shule zetu. Lakini tusichanganye kukosoa na kukataa. Watu wa Same wana kumbukumbu ya jambo hili. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta Upare kodi ya viwango iliyoitwa mbiru, kila mtu akikadiriwa kulingana na mali yake. Mwaka 1945 umati mkubwa uliteremka milimani na kukusanyika Same kuipinga. Kimambo aliyeiandika habari hiyo anaonyesha kwamba watu hawakukataa kulipa kodi. Walichokipinga ni namna ya kukadiriwa. Wakubwa wa serikali waliuona umati ule kama utovu wa utii, wakapoteza muda mrefu kushughulika na utii, na mwaka 1947 kodi ile ikafutwa. Mwanafunzi anayesema "hapa hatukufuata" hajakataa kufundishwa. Kwa kweli anaomba kufundishwa. Mhadhiri anayelisikia neno hilo kama dharau ameshalipoteza darasa, hata kama ukumbi umetulia tuli.

Hofu ya maksi ni jambo la kweli zaidi kuliko hoja ya adabu. Mwanafunzi anajua kwamba mtu anayemweleza ukweli leo ndiye atakayesahihisha karatasi yake Februari, na hakuna hotuba ya kumtuliza itakayoiondoa hofu hiyo. Dawa yake ni utaratibu, nao ni rahisi: mwanafunzi mshirika asiwe anasoma somo hilo mwaka huo. Awe amelisoma mwaka uliotangulia, au awe wa idara jirani. Maandishi yake yawe ya mhadhiri na yeye tu, yasiingie kwenye faili la kupandishwa cheo wala la nidhamu. Mkuu wa idara akianza kuyatumia kumkamata mhadhiri, mpango umekufa siku hiyo hiyo, kwa kuwa kila mhadhiri atajifunga na kila mwanafunzi atakuwa mpelelezi.

Linabaki lile zito: wahadhiri wamelemewa. Anayefundisha darasa la mamia, akasahihisha majaribio yote hayo, akasimamia tafiti za wanafunzi na bado akatakiwa kuchapisha makala ili apande daraja, anaambiwa sasa aongeze kikao cha kila wiki na mwanafunzi. Ana haki ya kuuliza muda huo atautoa wapi. Kwa vyuo vyetu sioni uwezekano wa kufanya hivi katika kila somo, na anayeahidi hivyo anadanganya. Yachaguliwe masomo machache ya mwaka wa kwanza, yale ambayo idara nzima inajua kwamba ndiko watu wanakokamatwa, wanakobeba somo hadi mwaka unaofuata, na wengine wanakodisko, yaani kuondolewa chuoni. Huko saa moja kwa wiki inalipa, maana kila mwanafunzi anayeanguka ni karatasi ya kutungwa upya, kusimamiwa upya na kusahihishwa upya, bila kutaja familia iliyouza mbuzi. Na saa hiyo ihesabiwe katika mzigo wa kazi wa mhadhiri na itajwe anapoomba kupandishwa. Ufundishaji usipohesabika kwenye cheo, atakayeujali atakuwa ni yule mwenye moyo tu, na mfumo haujengwi juu ya watu wenye moyo tu.

Fedha hazihitajiki nyingi, lakini zinahitajika. Mwanafunzi mshirika alipwe, kwa kuwa kazi ya bure huwapata wale ambao nyumbani kwao hakuna anayesubiri kutumiwa. Mwaka 2021 Tanzania ilianza mradi wa HEET kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, wa majengo, maabara, kusomesha wahadhiri na kupitia upya mitaala. Posho za wanafunzi hamsini kwa semista katika chuo kimoja ni kiasi kidogo sana mbele ya jengo moja. Mitaala nayo inapopitiwa, waajiri huitwa kuwa wadau, na ni sawa. Chuo Kikuu cha Muhimbili kilipojiandaa kwa mitaala yake mipya ya umahiri iliyoanza 2011, kiliwarudia hata wahitimu wake kuwauliza walichokikosa. Hatua inayofuata ni kumwita aliyemo darasani sasa, tena aitwe mwanzoni, wakati rasimu haijaandikwa.

Ni nani wa kuitwa? Mazoea yatawaelekeza wakuu wa idara kwa wenye GPA kubwa na kwa viongozi wa jumuiya. Hao wasifungiwe mlango, lakini wasiwe peke yao. Aliyefaulu kila kitu mara ya kwanza hawezi kueleza vizuri mahali pagumu, maana alipapita bila kupaona. Aliyebeba somo la takwimu, akarudia na kufaulu, anaujua ukurasa wa desa uliomkwamisha, anaijua siku alipoacha kuandika, na anajua ni rafiki gani aliyemweleza kwa Kiswahili kwa dakika kumi akaelewa kilichomshinda semista nzima. Aitwe yeye, pamoja na msichana aliyetoka shule ya kata ya Kihurio na yule anayesikiliza mhadhara kutoka nje ya dirisha kwa kuwa viti vimejaa.

Vyuo vya Moshi na Morogoro, ambako watoto wengi wa Same hawako mbali na kwao, vinaweza kuanza mwaka ujao wa masomo kwa masomo matatu matatu, kwa uamuzi wa Seneti na bila kusubiri sera mpya ya taifa. Kabla ya kuanza vitangaze hadharani ni wangapi walishindwa masomo hayo katika miaka mitatu iliyopita, na kila mwisho wa mwaka vitangaze tena. Namba hizo zisipobadilika baada ya miaka miwili, wenye shaka watakuwa na haki ya kudai kwamba posho hizo zipelekwe kununua viti.